Shujaa Aliyesema Moyo

Ngalula mwanangu,

Mkuu wa stesheni ametangaza leo saa nane mchana, akiwa amesimama juu ya kreti la bia ili aonekane, kwamba treni ya Kasai itaondoka kesho saa mbili asubuhi. Nilikuwa karibu naye. Nilimwuliza injini iko wapi. Akasema, "Iko njiani, mama." Nikamwuliza iko njia ipi. Akashuka kwenye kreti. Basi ninachokijua ni kwamba amesema. Saa moja baadaye fundi wa breki, ambaye hana sababu ya kunifurahisha, ameniambia injini ilipita stesheni ya Tenke asubuhi. Kwa hiyo jiandae kana kwamba ni kweli.

Umekwenda kuaga watu wa mstari wetu wa nyumba. Bibi yako amelala chumbani. Nina saa mbili za mwanga. Nitaiweka barua hii juu ya valizi yako ya nguo uisome kabla ya kulala, kwa sababu nakujua: ukishapanda gari la moshi hutasoma kitu, utachora watu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kulinda mizigo. Hayo unayajua kuliko mimi. Wala sitakueleza kwa nini unaondoka nami ninabaki. Jina la baba yako, marehemu, la Kasai, ndilo linalokuondoa. Jina langu la Sandoa, la hapa Katanga, ndilo linaloniacha. Kila anayeuliza ninamjibu kwamba mama yangu hawezi tena kupanda behewa, na hiyo ni kweli, lakini nimeona jinsi ninavyolikimbilia jibu hilo, na mtu anayekimbilia jibu moja kila mara mimi humtilia shaka. Nami najitilia vilevile.

Ninachotaka kukuandikia ni jibu la swali lako la Jumapili. Ulikuwa unakunja nguo, ukaniuliza habari za vitabu vya picha: "Mama, ju ya nini bede ya kwetu inakufa, na ile ya Bamerika inaishi?" Nikakujibu kwa neno moja: wino. Nikaendelea kuchambua mboga. Jibu lile lilikuwa kweli, na nilikupa ili usiendelee kuuliza.

Sasa nianze mwanzo, hata pale unapodhani unapajua.

Baba yako mdogo Kabeya alikuwa mchora ramani katika ofisi ya michoro ya Kampuni. Kutwa nzima alichora ngazi za mashimo ya mgodi wa Mashamba, mstari baada ya mstari, kwa kalamu nyembamba kama sindano. Jioni alichora shujaa wake, Moyo. Unakumbuka alivyokuwa: mchimbaji mwenye kofia ya taa, ngozi imegeuka kijani kwa vumbi la malakiti, lile jiwe la shaba. Hakuruka angani. Alipita chini ya ardhi, akifuata mishipa ya shaba, akatokea popote mtu mwenye shida alipogonga bomba mara tatu. Kofia ilitangulia kutoka, kisha mabega, kisha kiputo chenye neno lake moja: "Moyo!" Halafu ubaya ukakoma. Kabeya alichonga picha zile kwenye stensili za nta, na ofisi ya huduma za jamii ikamruhusu kuzipiga kwenye mashine yao siku za Jumamosi. Hapa mtaani kwetu Kapata hakuna bomba ambalo halikugongwa. Mafundi walilalamika.

Upande wa pili kulikuwa na vile vitabu vya Wamarekani dukani kwa Tata Ramazani. Nilipoanza kuchunguza jambo hili kwa ajili ya gazeti, nilikuwa na hakika kuna mkono nyuma yake. Vitabu vya Kiingereza, katika mji ambao hata padri hasomi Kiingereza, vinaletwa na nani, kwa faida ya nani? Niliuliza forodhani. Niliuliza madereva wanaopita mpaka wa Zambia. Mwishowe nikamwuliza Ramazani mwenyewe, na alinitazama kama mtu aliyeulizwa nani anamlipa ili apumue.

"Mama Gazeti," akasema, "mi siuzishe bitabu. Mi nauzisha sahani. Bile bitabu banajaza mu sanduku ju sahani zisivunjike. Batoto banaomba, nabapa."

Akafungua sanduku mbele yangu. Sahani, karatasi, sahani, karatasi. Kurasa nyingi hazikuwa na jalada, hadithi hazikuwa na mwanzo wala mwisho. Vitu tulivyokuwa tunaviogopa kama jeshi vilikuja kuzuia sahani zisigongane. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Ningependa zaidi kukuta adui.

Bado hilo halikueleza kwa nini vilipendwa. Mwalimu wenu alisema ni rangi. Mkubwa wa huduma za jamii alisema watu weusi hawapendi vya kwao, akalisema kwa urahisi wa mtu aliyelisema mara nyingi. Sikuwaamini, kwa hiyo nikaweka Moyo na vile vya rangi pamoja kwenye benchi la zahanati, nikakaa asubuhi nzima nikijifanya mgonjwa. Watoto walishika Moyo kwanza. Kilichokuwa kimechakaa kufikia mchana kilikuwa Moyo. Kwa hiyo rangi si sababu, na anayekuambia hatupendi vya kwetu mwulize alikaa kwenye benchi gani.

Sababu ya kwanza niliiona kwa mkubwa huyohuyo. Mashine ilikuwa yake, karatasi yake, wino wake. Kuanzia toleo la tatu akataka Moyo awaambie wafanyakazi wavae viatu vya kazi. Toleo la nne, wasikate nyaya. Kabeya alikubali, kwa sababu bila mashine hakuna kitabu. Wewe mwenyewe ulikirudisha kitabu mezani ukasema, "Moyo amekuwa kapita." Ulikuwa na miaka kumi na minne na ulikuwa umeeleza kwa maneno matatu kile nilichohitaji safu nzima ya gazeti kukieleza. Shujaa anayesema kama msimamizi wa zamu hapendwi na mtu aliyetoka zamu.

Sababu ya pili nilijifunza kwako. Yule Mmarekani mwenye kitambaa mgongoni, mliyemwita Tata Rido kwa sababu mlisema amevaa pazia, viputo vyake vilijaa maneno msiyoyajua. Basi wewe ukayatia. Ulikaa barazani na watoto kumi mbele yako, kidole kwenye kiputo, na Tata Rido akagombana na muuza unga, akamwomba bibi yake radhi, akaongea Kifaransa cha puani kama cha masista, halafu Kilunda, halafu Kiluba, halafu kile Kiswahili chetu cha bombani. Feza binti wa Ramazani alikuwa anacheka mpaka analala chini. Mimi nilikuwa dirishani naandika, nami nilicheka. Lakini sikuelewa nilichokuwa nakiona. Asiyeeleweka hawezi kushtakiwa kwa alichosema. Tata Rido alikuwa wa kila mtu kwa sababu hakuwa amesema chochote. Hakuna aliyewahi kuuliza, ule ni mutu ya wapi?

Moyo alisema neno moja tu, na hilo lilimtosha kuulizwa.

Sasa ninafika mahali ambapo nimezunguka tangu nilipoanza barua hii.

Unajua desturi ya gazeti letu. Kila mtu anapotajwa mara ya kwanza, anapewa jina, umri, kazi na asili. "Fulani, miaka arobaini, fundi wa umeme, asili yake Sandoa." Tulinakili mpangilio ule kutoka kadi za wafanyakazi za Kampuni, na tulipokuwa tunawafunza waandishi wapya tuliuita usahihi. Nilifuta makala za vijana kwa kukosa asili. Niliamini kwamba mtu asiyeandikwa alikotoka hajaandikwa.

Mwaka mmoja kabla ya zile hotuba za kuwafukuza watu wa Kasai kuanza, niliandika makala juu ya Moyo. Nilimwendea Kabeya ofisini, akiwa ameinama juu ya meza yake. Nikamwuliza lile neno alilitoa wapi.

Akacheka. "Ni salamu ya mama yangu, shemeji. Kila asubuhi, mbele ya kutupa chai: Moyo."

"Basi si moyo ya Kiswahili?"

"Ni yote mbili. Njo maana nililipenda. Mutoto wa huku anasikia moyo, anapata nguvu. Mutoto wa kwetu anasikia mama yake."

Nikamwuliza kama niandike hivyo. Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi, bila kugusa. Mchora ramani hasimamishi kalamu bila sababu. Akasema, "Andika vile unaona." Nikachukua maneno yale kuwa ni ruhusa. Nimeyageuza kichwani mara nyingi tangu siku ile, na leo nadhani alikuwa ananiomba nione.

Niliandika kwamba neno "Moyo", ambalo watoto wengi wa Kolwezi hudhani ni moyo wa Kiswahili, ni salamu ya watu wa Kasai, ambako ndiko asili ya mchoraji. Hakuna kosa hata moja katika sentensi ile. Mhariri aliisifu. Kabeya alisoma, akakunja gazeti, akaniuliza kama mtamba wa bibi yako ameshazaa.

Kisha zikaja hotuba. Wakubwa walisimama uwanjani wakasema nani mwenyeji na nani mgeni, nani amechukua kazi ya nani. Kampuni ilikuwa inaanguka, mishahara ilichelewa, na watu waliambiwa walioiangusha wanakaa nyumba ya tatu upande wa kushoto. Mtu mmoja akasimama sokoni na gazeti la zamani mkononi akaisoma makala yangu kwa sauti, polepole, kama anavyosoma mtu aliyefurahi. Si mimi niliyeliona. Aliniambia muuza mkaa, na nilimhoji mara mbili. Wiki hiyo ukuta wa Kabeya uliandikwa "bilulu". Wadudu. Wino ulikuwepo bado, Ngalula. Mkubwa wa huduma za jamii alisema umekwisha, lakini niliona makopo kwenye rafu. Aliufanya uishe.

Sijitwiki kila kitu. Wangeliandika neno lile ukutani hata bila mimi, kama walivyoliandika kwenye kuta za watu ambao hawajachora chochote. Lakini watoto walikuwa bado wanagonga mabomba. Kwao Moyo alikuwa wao. Ni mimi niliyewaambia kwamba si wao.

Hilo Kabeya analijua. Alilijua siku alipopanda treni yake. Lakini kuna jambo ambalo wewe hulijui, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Siku ile ulipokuta ukuta umeandikwa, ulikwenda moja kwa moja bombani kwa Feza. Ulikuwa umemwambia siri ya lile neno mlipokuwa wadogo, yeye peke yake. Baba yake alikuwa na vile vitabu vingine. Kwako hesabu ilikuwa imekamilika. Ukamwambia mbele ya watu, "Ni weye uliuzisha Moyo."

Naye akakuuliza, "Mi niliambia nani? Sema jina."

Hukuwa na jina. Ukammwagia ndoo ya maji. Uliporudi ulinisimulia yote, umelowa miguu, na uliniambia alivyouliza. Nilijua hapohapo kwamba lile ndilo swali ambalo ningeuliza mimi, na kwamba jina lenyewe lilikuwa limechapwa chini ya makala, ndani ya sanduku lililokuwa chini ya kitanda changu. Hukuwa umelisoma gazeti lile. Ulikuwa shuleni Likasi muhula ule. Nikakupa taulo.

Jioni Ramazani alikuja. Alisimama mlangoni, hakukubali kiti. Akasema, "Mama Gazeti, mutoto yako anasema mutoto yangu aliuzisha neno. Weye unajua kintu?" Nikamjibu, "Ni mambo ya batoto, tata. Itapita." Kisha akanipa sahani, ile yenye ukingo wa buluu unayolia kila siku, akasema ni ya majirani. Ilikuwa imefungwa kwa ukurasa wa gazeti. Nilipoifungua niliona ni makala yangu.

Kwa msimu mzima wa mvua nimeitilia shaka sahani ile. Ramazani hufunga kila kitu kwa karatasi yoyote iliyo karibu. Sikuwahi kumwona akisoma. Huenda ilikuwa bahati. Niliamua kwamba ni bahati, kwa sababu ilinifaa, na nikaendelea kukutazama ukipita nyumba ya Feza umegeuza shingo. Mtu niliyejenga jina langu kwa kuuliza nani alisema nini, nilikuacha umhukumu mwenzako bila shahidi, chini ya paa langu.

Kuna kitu kingine. Jana ulipokwenda kuoga nilifungua daftari lako. Ndiyo, nilifungua. Umechora shujaa mpya. Ana kitambaa mgongoni, anaruka angani, hana jina, na kwenye viputo umepanga herufi zinazofanana na Kiingereza lakini si neno la lugha yoyote. Umechora vizuri kuliko Kabeya alivyochora akiwa na umri wako. Nilielewa mara moja ulichofanya: umetengeneza mtu asiyeweza kuulizwa anatoka wapi. Ningekuwa na miaka kumi na tisa na kesho ninapanda treni ile, ningechora huyohuyo.

Sikukatazi. Mimi si mtu wa kukukataza kitu mwaka huu. Lakini nikuambie nilichokiona: Tata Rido hakuwa kitu mpaka wewe ulipofungua kinywa chake barazani. Waliokuwa wanacheka walikuwa wanacheka Kiswahili chako. Mashujaa wa mbali wana bahati ya kuwa mbali. Wewe hutakuwa nayo, hata ukichora pazia refu namna gani. Huko unakokwenda pia watauliza. Watasema wewe ni Mkatanga, unaongea kama Mkatanga, mama yako amebaki kwao. Watakuwa wamesema kweli kwa kiasi fulani, na hilo ndilo litakalokuuma.

Stensili za toleo la mwisho, ambazo Kabeya hakuwahi kuzipiga, nimezitoa chini ya godoro na kuziweka katikati ya mbao mbili ndani ya valizi. Ameziomba. Barua yake, aliyoileta mfanyakazi wa reli, ilikuwa na maneno machache: "Mtume mtoto, na stensili." Salamu kwangu haikuwemo, na nimeisoma nyuma na mbele. Ukizishika juu ya mwanga utaona kwamba Moyo ametoka ardhini, taa inawaka, kiputo kipo, lakini ndani hakuna kitu. Nta haijaguswa. Sijui kama aliogopa, au muda ulimwishia, au alitaka kila msomaji aweke neno lake. Nimemshuku kwa yote matatu. Usikubali jibu langu. Mwulize yeye, na akisimamisha kalamu kabla ya kujibu, subiri. Mimi sikusubiri.

Leo nilipotoka stesheni nilipitia dukani kwa Ramazani. Karibu rafu zote ni tupu. Hata sahani hazivuki tena mpaka. Nilimwambia nilichokuandikia hapa, kwa maneno machache kuliko haya. Alikuwa anafunga kikombe cha mteja. Akamaliza kufunga, akakata kamba kwa meno.

"Nilijua, Mama Gazeti," akasema. "Mi nafunga sahani. Lakini mbele ya kufunga, ninasoma."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Feza.

"Ile neno haikukuwa yangu ya kusema. Nilikurudishia."

Akaniambia Feza hajui mpaka leo, na kwamba kwa mwezi mzima amekuwa akiuliza kama jina lako limo kwenye orodha ya treni. Nilimwomba aniachie hadi kesho, nikuambie wewe kwanza. Alikubali, lakini alinitazama kama nilivyomtazama mimi mkuu wa stesheni.

Gazeti limefungwa, kwa hiyo hakuna pa kuchapa masahihisho. Hata lingekuwepo, yangekaa ukurasa wa mwisho, chini ya ratiba ya misa. Lakini kanuni tuliyowafunza vijana ilikuwa hii, na hii sijaitilia shaka bado: masahihisho huandikwa na aliyekosea, na husomwa mahali palepale kosa liliposomwa.

Mkokoteni wa mizigo utafika hapa saa kumi na mbili. Treni, kwa maneno ya mkuu wa stesheni, ni saa mbili. Zamu ya Feza bombani ni saa kumi na moja alfajiri. Ramazani amesema, na nimehakikisha kwa majirani wawili. Nitakuwa pale kabla yake, nikiwa na gazeti lile lenye makala yangu. Watu wa foleni watakuwepo, nami nitalisema kosa langu mbele yao, kwa kuwa mbele yao ndipo ulipommwagia maji.

Ndoo zetu zimejaa. Ukitaka kuja, mwaga moja, upate ya kujaza bombani.

Mama yako